Kabla ya kuuliza mbegu ipi, uliza nani atakula majani yake

*"Habari za kazi, mtaalamu. Mimi ni mkulima na mfugaji wilayani Kongwa, Dodoma. Nina ekari 8, nalima mtama, mahindi kidogo na alizeti. Nina ng'ombe 9: wawili wanakamuliwa, wanne ni maksai wa kulimia, waliobaki ni ndama na mitamba. Mbuzi wapo 14. Miaka hii shamba halizai kama zamani, na kuanzia mwezi wa nane ng'ombe wanakonda hata nikiwapa mabua ya kutosha. Kuna mtu ananiuzia mbegu ya malisho inayoitwa stailo. Anasema nikipanda ekari 3 sitanunua tena mbolea wala mashudu. Jirani yangu ananiambia niwe mwangalifu, malisho ya jamii ya kunde yaliua ng'ombe wa shemeji yake kwa kuvimba tumbo. Mwanangu naye kanionyesha kwenye simu wakulima wa Australia wenye mmea unaoitwa klova, unaojiotea wenyewe shambani baada ya ngano. Je, nikubali hiyo mbegu? Na hayo ya Australia yanawezekana huku kwetu?"*

Nzuri, ndugu yangu, na asante kwa kuandika kwa kirefu. Mkulima anayetaja hadi idadi ya maksai wake ananirahisishia kazi. Umeuliza swali moja lakini lina mafundo matatu: ng'ombe anakonda na chakula kiko mbele yake, shamba limechoka, na umetishwa habari ya tumbo. Muuzaji kaja na dawa moja ya yote. Nikujibu kwa kifupi kwanza: mikunde ya malisho itakufaa, na Kongwa inakubali. Ila usipande ekari 3, usiache mbolea mwaka huu kwa kutegemea ahadi yake, na kabla ya kuuliza mbegu ipi, jiulize nani atakula majani yake na mwezi gani. Wengi niliowaona wakishindwa, mbegu yao iliota vizuri tu.

Tuanze na ng'ombe. Bua halimeng'enywi na ng'ombe mwenyewe. Ndani ya lile tumbo lake kubwa la kwanza wamo vijidudu wasiohesabika, na hao ndio wanaouvunja ugumu wa bua na kuugeuza kuwa nguvu. Kisha wao wenyewe wanashuka matumboni kwa chini, wanameng'enywa, na kuwa protini ya ng'ombe. Kwa hiyo unapomlisha ng'ombe unawalisha wao kwanza, nao wanataka naitrojeni, ambayo huipata kwenye protini ya chakula. Kipimo tunachokitumia ni kwamba chakula chote kwa jumla kikishuka chini ya asilimia 7 hivi ya protini, vijidudu hupungua na kazi hulala. Mabua ya mtama na mahindi, pamoja na nyasi za mwezi wa nane, mara nyingi yana asilimia 3 hadi 5. Bua linakaa tumboni siku nyingi, halishuki, ng'ombe anajiona kashiba na anaacha kula. Ndiyo maana unamwona ana tumbo kama ngoma huku mbavu zinahesabika. Hujamnyima chakula, umempa chakula ambacho hana watu wa kukipika.

Majani ya mikunde yana protini asilimia 12 hadi 20, na mengine huvuka hapo. Kilo 1 na nusu au 2 za majani makavu kwa siku hazimshibishi ng'ombe, wala hiyo siyo kazi yake. Kazi yake ni kuwaamsha wale vijidudu ili mabua uliyonayo yaliwe. Hii ndiyo faida kubwa ya kwanza, na ina uhakika kuliko ile ya udongo. Ukiielewa hivyo utaona kwamba huhitaji bahari ya stailo. Unahitaji kichanja kimoja kilichojaa ifikapo mwezi wa saba.

Kwenye udongo ndiko ahadi zinakopita kiasi. Ni kweli mikunde hupata naitrojeni kutoka hewani. Bakteria wa udongoni huingia kwenye mizizi, mmea huwajengea vinundu na kuwapa sukari, nao hulipa kwa kuigeuza naitrojeni ya hewa iwe chakula cha mmea. Kwa kadirio linalotumika sana, kila tani 1 ya mikunde iliyokauka, majani na mashina, imeleta kilo 20 hivi za naitrojeni kutoka hewani. Mfuko wa urea wa kilo 50 una kilo 23. Kwa hiyo muuzaji wako hakutunga: tani moja inakaribia mfuko mmoja. Alichonyamazia ni kwamba sehemu kubwa ya naitrojeni hiyo imo kwenye majani. Ukiyakata ukampa ng'ombe, mbolea imetoka shambani imeingia bomani. Udongo unabaki na mizizi na yale majani yaliyodondoka. Mwenye kukuambia kwamba majani yaleyale yatalisha ng'ombe na papo hapo yatalisha shamba, amekuuzia mbuzi mmoja mara mbili.

Lakini haijapotea bado. Ng'ombe habakizi mwilini naitrojeni nyingi. Zaidi ya robo tatu ya aliyokula hutoka tena, na akila chakula chenye protini nyingi, kiasi kikubwa hutoka kwenye mkojo. Umewahi kuingia bomani alfajiri ukakutana na harufu inayochoma pua hadi machozi yakakutoka? Ile ni naitrojeni yako inapaa angani. Basi yale mabaki ya mabua ambayo ng'ombe wameyakataa usiyachome. Yatandike bomani wayakanyage yanywe mkojo, kisha uyachote, uyarundike kivulini na kuyafunika. Peleka shambani karibu na mvua na uifukie siku hiyo hiyo. Vile vichuguu vya samadi vinavyoachwa juani kuanzia mwezi wa tisa, nikiviona nasikitika kweli. Nusu ya thamani imeshaondoka kabla jembe halijagusa. Kama una nguvu ya kufanya jambo moja tu mwaka huu, fanya hili hata kabla ya kununua mbegu.

Jambo jingine ambalo wauzaji hawalisemi ni fosforasi. Mikunde inajitegemea kwa naitrojeni lakini fosforasi haiwezi kuitoa hewani, na bila hiyo vinundu vinakuwa vichache na vidogo. Shamba lililolimwa miaka mingi bila kurudishiwa kitu linaweza kuwa na mikunde iliyodumaa, ya njano, inayokula naitrojeni ya udongo kama mmea mwingine wowote. Stailo ina sifa ya kuvumilia udongo maskini kuliko wenzake, ila kuvumilia siyo kunawiri. Hapa Tanzania tuna fosfeti ya Minjingu, inayochimbwa karibu na Ziwa Manyara. Hiyo huyeyuka vizuri zaidi kwenye udongo wenye asidi, hivyo usinunue kabla ya kupima udongo wako.

Ukitaka kujua kama bakteria wako kazini, huhitaji maabara. Wiki ya sita hadi ya nane baada ya kuota, chimba mmea kwa jembe na bonge lake la udongo (usiung'oe kwa mkono, vinundu vitabaki chini), uoshe taratibu, kisha pasua kinundu kwa ukucha. Kikiwa chekundu au cha waridi ndani, kinafanya kazi. Kikiwa cheupe au cha kijani, kimelala au kimechoka. Na yule anayekuuzia unga wa bakteria wa kupaka mbegu, mwulize ni wa mmea gani. Kunde, fiwi na stailo kwa kawaida hupatana na bakteria waliomo kwenye udongo wetu, hasa mahali ambapo kunde zimelimwa tangu enzi za mababu. Lusena (alfalfa) na soya ndizo zinazochagua.

Sasa Australia. Mwanao hakukosea, ule mfumo upo na umewatajirisha wakulima wa ngano na kondoo wa kusini mwa nchi ile. Lakini tazama mvua zao: zinanyesha wakati wa baridi, na kiangazi chao ni cha joto kali. Klova ile huota mvua za baridi zinapoanza, hutoa mbegu kabla ya joto, halafu mbegu zenye ganda gumu hulala kiangazi kizima zikisubiri. Dodoma mvua inakuja mwezi wa kumi na mbili, jua likiwa kali, na kukatika mwezi wa nne. Mmea ule hapa utakuwa kama mgeni aliyefika karamuni siku ya kuosha masufuria. Hata Libya na Algeria, ambako mvua zinafanana na za kwao, mfumo huo ulipelekwa miaka ya 1970 na haukushika mizizi kwa wakulima wengi. Walilima kwa kina, mbegu zikazikwa chini mno zisiweze kuota. Mifugo nayo ililishwa hovyo kwenye mashamba kabla mimea haijaangusha mbegu. Ilisafirishwa mbegu, desturi za kulima na kuchunga zikabaki zilezile.

Wewe ni mtu wa Kongwa, habari hii unaifahamu kwa sura nyingine. Mwaka 1947 Waingereza walikuja hapo hapo na matrekta kulima karanga, nazo ni jamii ya kunde vilevile, na kufikia 1951 mradi ulikuwa umefutwa. Udongo ulikauka ukawa kama sakafu, karanga zikakataa kung'oka, na mvua haikufuata makaratasi yao. Wazee waliokuwa wakilima mtama pembeni wangeweza kuwaambia bure.

Stailo ya muuzaji wako nayo ina historia Australia, ila ya kaskazini, kwenye joto na mvua za msimu mmoja kama zetu. Asili yake ni Amerika ya Kusini na visiwa vya Karibi. Kule Australia walipanda aina moja ya mwaka mmoja kwenye eneo kubwa sana, na miaka ya 1970 ugonjwa wa ukungu wa madoa meusi, anthraknosi, ukaifyeka. Waliofuata walipanda aina zinazostahimili, nyingine zinajulikana kwa majina ya Seca na Verano, na siku hizi hupendelea kuzichanganya. Kwa hiyo usikubali jibu la "ni stailo tu". Kuna stailo ya nchi zenye mvua nyingi, yenye majani laini na ya kuvutia, ambayo kwa mvua zenu za milimita 500 au 600 itakusikitisha. Unayoitaka ni ile ya vichaka yenye mashina magumu, Seca, au ile fupi ya Verano, na bora zaidi zote mbili. Kama muuzaji hajui ni ipi, basi huna sababu ya kumpa pesa. Vivyo hivyo kwa desmodiamu, mkunde mwingine wa malisho unaosifiwa kupambana na gugu la kiduha kwenye mahindi: magharibi mwa Kenya imefanya kazi kubwa, lakini kule mvua ni mara mbili au zaidi ya zenu.

Ukishapata mbegu, ijaribu kabla ya kulipia kilo nyingi. Hesabu mbegu 100, zifunge kwenye kitambaa chenye unyevu, ziweke mahali pa joto, zihesabu baada ya siku 10. Zikiota 20 usikimbilie kusema umeibiwa. Bonyeza zilizobaki. Zilizovimba na kuoza zimekufa, lakini zilizobaki ngumu kama changarawe ziko hai, ganda ndilo linalozuia maji. Hizo unaziamsha kwa kuzisugua taratibu kati ya karatasi mbili za msasa mpaka ganda lipoteze mng'ao. Na hapa nina shauri ambalo halimo kwenye vipeperushi: usizisugue zote. Sugua nusu, nusu iache ilale. Mvua za kwanza zikikudanganya, zikanyesha wiki moja na kukatika, zile zilizoamka zitakufa zote, na zile zilizolala ndizo zitakazokuokoa baadaye. Ganda gumu ni akiba ya mmea wa nchi kame.

Kilo 1 hadi 2 zinatosha ekari moja. Mbegu ni ndogo sana, kwa hiyo ichanganye na mchanga mkavu ili ienee, imwage juu ya udongo uliolainishwa, halafu buruta tawi la miiba juu yake. Isizame zaidi ya sentimita 1. Wanaoifukia kama mahindi hawaioni tena. Mwaka wa kwanza itakuudhi: inakua polepole, magugu yanaipita, na majirani watakuuliza unapalilia nini. Palilia, usiingize mnyama hata mmoja mpaka imetoa mbegu na mbegu zimedondoka. Mbuzi 14 wakiingia humo mwezi wa pili, kesho yake huna cha kupalilia.

Lakini stailo siyo mahali pa kuanzia. Ningeanza na mikunde ambayo nyumba yako inaijua tayari. Fiwi, ile wenzetu Wakenya wanaiita njahi, ni hodari kwenye ukame, inabaki kijani wiki kadhaa baada ya mtama kukauka, na majani yake ng'ombe wanayapenda. Ipande katikati ya mistari ya mtama wiki 2 au 3 baada ya mtama kuota. Ukizipanda siku moja itapanda juu ya mtama na kugombania maji. Kunde za kutambaa zinafanya kazi hiyo hiyo kwa muda mfupi zaidi. Mbaazi ina tabia nzuri ya kuangusha majani yake shambani kabla hujavuna, kwa hiyo hata ukichukua punje, udongo umepata chake. Tatizo la mbaazi ni soko. Wengi bado wanakumbuka mwaka 2017, India ilipobana uagizaji na bei ikaporomoka. Panda ya kula nyumbani na ya kurutubisha, ya kuuza iwe ziada. Na kama unalima karanga, mashina na majani yake yaliyokauka bila kuvunda ni malisho ya daraja la juu. Naona yanachomwa kila mwaka.

Miti ya malisho nayo ina nafasi pembezoni. Glirisidia imejaribiwa na watafiti huko Kongwa na Kiteto ndani ya mashamba ya mahindi. Majani yake ni mbolea nzuri. Ng'ombe wanaikataa mwanzoni kwa harufu yake, lakini ukiyanyausha majani siku moja wanaizoea. Lukina ni tamu na ina protini nyingi, ila ina sumu inayoitwa mimosini. Isizidi theluthi moja ya chakula cha ng'ombe au mbuzi kwa siku. Mnyama akianza kunyonyoka manyoya, kudondosha mate au kuvimba shingoni, iache. Punda msimpe kabisa, atanyonyoka mkia na singa. Mbegu za lukina zinaamshwa kwa maji ya nyuzi 80 kwa dakika 3 au 4. Kipimajoto huna, kwa hiyo changanya vikombe vitatu vya maji yanayochemka na kimoja cha maji ya mtungini, utakuwa karibu kabisa.

Nikugusie sasa jambo ambalo hukuliuliza, lakini ndilo linaloua malisho mengi kuliko ukame. Baada ya mavuno, kwa desturi, shamba ni la wote. Ng'ombe wa kijiji wanaingia kula mabua, na wewe wako wanaingia kwa wenzako. Stailo na fiwi zinabaki kijani wakati ambao kila kitu kimekauka. Unafikiri mifugo ya kijiji kizima itakwenda wapi? Nigeria, miaka ya 1980, watafiti walijenga mashamba ya akiba ya stailo kwa wafugaji wa Kifulani. Utaratibu ulikuwa kumwingiza ng'ombe saa chache tu kwa siku wakati wa kiangazi, kisha anakwenda kujaza tumbo kwenye nyasi kavu. Kwa mnyama ulifanya kazi. Uliwalemea wengi kwenye gharama ya uzio na kwenye haki ya ardhi. Wasukuma wana ngitili, eneo linalofungwa msimu wa mvua na kufunguliwa kiangazi, na lile linasimama kwa sababu watu wamekubaliana, uzio ni nyongeza. Kwa hiyo ekari yako ya malisho iwe karibu na nyumba, mahali mtoto akipiga kelele unamsikia. Zungushia miiba mwaka huu, na ndani yake choma vipande vya minyaa viwe uzio hai baadaye, kwa tahadhari: utomvu wake ukiingia jichoni ni balaa. Kisha nenda kwa mwenyekiti wa kitongoji na serikali ya kijiji kabla ya mavuno, waeleze kwamba eneo hilo ni shamba, halijavunwa. Ukiwaeleza baada ya ng'ombe wa mtu kuingia, tayari ni kesi. Kwa fiwi iliyo ndani ya mtama huna ulinzi huo, kwa hiyo hiyo ikate na uibebe nyumbani wiki ileile unayovuna.

Kuhusu kuvimba tumbo, jirani yako hajadanganya, ila amechanganya. Gesi ni zao la kawaida la wale vijidudu, na ng'ombe huitoa kwa kupiga mbweu. Mimea mingine ikiliwa mibichi, lusena na klova hasa, hutengeneza povu kama la sabuni, gesi inanaswa ndani ya povu na haitoki. Upande wa kushoto unavimba, mnyama anahema kwa shida, na anaweza kufa ndani ya saa chache. Stailo haina sifa hiyo. Fiwi mbichi imewahi kuleta matatizo ikiliwa peke yake, na kwa kiasi kikubwa. Malisho yaliyokaushwa yana hatari ndogo sana. Usimwingize ng'ombe mwenye njaa kwenye mikunde mibichi yenye umande. Mpe mabua kwanza, halafu umzoeshe kidogo kidogo kwa wiki nzima. Akivimba, mwite daktari wa mifugo mara moja, na unapomsubiri msimamishe miguu ya mbele ikiwa juu ya mteremko, mnyweshe nusu lita hivi ya mafuta ya kula (alizeti unayo), taratibu ili yasiingie mapafuni. Mbuzi mpe kikombe kidogo tu. Na tafadhali, kisu ubavuni ni kazi ya daktari.

Kukausha kunahitaji ufundi kidogo, kwa sababu protini iko kwenye majani na majani ndiyo ya kwanza kupukutika. Ukianika juani siku nne kama unavyoanika mtama, utabeba vijiti nyumbani na majani yatabaki chini. Kata mimea inapoanza kutoa maua, iache juani siku moja inyauke, kisha ihamishie kivulini, ukiigeuza asubuhi ikiwa bado laini. Ikikunjika bila kutoa maji lakini haijavunjikavunjika, ipandishe kichanjani. Iliyoota ukungu usiwape, hasa wanaokamuliwa. Sumukuvu hupita kwenye maziwa, na Dodoma mnaijua tangu ilipoua watu mwaka 2016.

Tupige hesabu yako. Huwezi kuwalisha wote 9, na huna haja. Wanaokamuliwa 2 ni wa kwanza. Maksai 4 ni wa pili, lakini siyo kiangazi kizima: miezi miwili kabla ya kulima, kwa sababu maksai dhaifu anakuchelewesha kupanda, na Dodoma wiki moja ya kuchelewa unaiona kwenye gunia. Kilo 2 kwa siku kwa kila mmoja wa wale wawili kwa siku 150 ni kilo 600. Kilo 2 kwa kila mmoja wa maksai wanne kwa siku 60 ni kilo 480. Jumla ni kama tani 1 na kidogo. Ekari moja ya stailo iliyoshika, kuanzia mwaka wa pili, pamoja na fiwi na kunde za ndani ya mtama, inaweza kukupa hiyo mwaka wenye mvua za wastani. Mwaka mbaya utapata nusu, na hapo mashudu ya alizeti yako yanarudi kazini. Naitrojeni ya tani hiyo, ukiitunza vizuri bomani, inaweza kurudi shambani kama nusu mfuko wa urea au zaidi kidogo. Kwa ekari 7 zilizobaki hiyo haitoshi. Ndiyo maana nimekuambia usiache mbolea. Ipunguze polepole, ukitazama shamba linavyojibu.

Ningeiweka stailo kwenye ile ekari iliyochoka zaidi, ambayo sasa inakupa magunia mawili ya mtama kwa jasho la bure, na ningeiacha hapo miaka 3 au 4 kabla ya kurudisha nafaka. Mwenye ekari 30 ningemwambia azungushe shamba zima kwa zamu. Wewe huna nafasi hiyo. Ekari 3 kati ya 8 ni chakula cha watoto.

Kabla ya kutoa pesa, fika kituo cha TALIRI, Taasisi ya Utafiti wa Mifugo Tanzania, hapo hapo Kongwa. Ni kituo cha utafiti wa malisho, watakuonyesha stailo iliyosimama shambani uishike kwa mkono, na waulize kuhusu mbegu. Nenda na udongo: chukua vijiko vya udongo kutoka sehemu 10 au 15 za ekari hiyo, kina cha shubiri moja, changanya kwenye ndoo safi, kausha kivulini, beba nusu kilo. Ekari ya malisho na ekari ya mtama zisichanganywe kwenye mfuko mmoja. Afisa ugani wako atakuelekeza maabara iliyo karibu. Na kama yule ng'ombe anakonda hata mwezi wa pili, nyasi zikiwa kijani, basi tatizo lake siyo protini. Mwite daktari wa mifugo atazame minyoo, kupe na meno kabla hujapanda chochote.